Mkwe wangu anatapika usiku na mchana: anaumwa au anadeka?

SWALI: Mwanangu daktari, habari za kazi. Naishi Katumba, Rungwe. Kijana wangu ni dereva wa malori, muda mwingi yuko safarini, na mke wake wa miaka 21 naishi naye mimi hapa nyumbani. Ni mimba yake ya kwanza, kwa hesabu zetu ni wiki ya kumi. Bado hajaanza kliniki kwa sababu mimba ni changa. Tangu mwezi uliopita anatapika, na siku hizi inafika mara nane au kumi kwa siku, hata maji hayakai. Chakula changu hakitaki. Akisikia harufu ya vitunguu anakimbilia nje, na kutwa nzima anatema mate kwenye kikopo. Siku za harusi alikuwa na kilo 58, juzi mizani ya zahanati imesema 53. Tangu jana asubuhi amekojoa mara moja. Mimi nimezaa watoto sita na nilichuma chai mpaka siku ya uchungu, kwa hiyo sielewi. Jirani anasema dawa za hospitali zitamlemaza mtoto, tumpe mizizi na pemba, ule udongo wa kutafuna. Muuza dawa anasema ni vidonda vya tumbo. Je, anaumwa au anadeka? Na nimrudishe kwao Iringa akae na mama yake mpaka itulie?

JIBU: Shikamoo mama. Kabla hujamaliza kusoma, mtafutie mkwe wako usafiri. Mjamzito ambaye hata maji hayakai tumboni, na ambaye tangu jana asubuhi amekojoa mara moja tu, anatakiwa awe hospitali leo. Si kesho, wala si siku ya kliniki. Hospitali ya wilaya hapo Tukuyu inaweza kumpima na kumwekea dripu. Kama usafiri ni shida, mhudumu wa afya wa kijijini kwenu atakuwa anaijua namba 115 ya m-mama, inayopigwa bure kwa ajili ya kuwasafirisha wajawazito waliopatwa na dharura. Haya mengine yasomeni mkiwa wodini, dripu ikishuka.

Sasa nijibu ulichouliza kwanza. Anaumwa. Hadeki.

Najua kwa nini umeuliza hivyo, na si kwamba humpendi. Asiyempenda mkwewe hahesabu mara alizokojoa. Kichefuchefu cha mimba ni kitu ambacho wanawake wengi wamekionja. Kati ya wajawazito kumi, saba au zaidi hukipata. Huanza wiki ya nne hadi ya sita, hukolea kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, kisha kwa wengi hupungua chenyewe kufikia wiki ya kumi na sita au ishirini. Kwa kuwa ni kitu cha kawaida, tumezoea kumwambia kila anayetapika avumilie. Lakini wapo wachache, mmoja hadi watatu hivi katika kila mia, ambao kwao hali hiyo inageuka kuwa ugonjwa kamili. Mwili unakauka maji, unapoteza chumvi zake, unaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe. Hawa hawawezi kuvumilia kwa sababu hakuna uvumilivu unaorudisha maji mwilini.

Tofauti kati ya hao wengi na hao wachache haipimwi kwa tabia ya mtu, inapimwa kwa mizani na kwa mkojo. Tunaangalia uzito aliokuwa nao kabla ya mimba, na akiwa amepoteza zaidi ya asilimia 5, tunajua tumeshavuka mpaka. Asilimia 5 ya kilo 58 haifiki hata kilo 3. Mkwe wako amepoteza 5. Hapo hakuna tena mjadala wa kudeka, mama, na ninakuomba neno hilo lisitamkwe tena mbele yake.

Umesema umezaa sita huku ukichuma chai. Nakuamini, na wapo wengi kama wewe. Tena sasa sayansi ina maelezo ya kwa nini wewe hukutapika na yeye anatapika. Desemba 2023 kundi la watafiti, wakiwemo Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza waliyoyapata kuhusu homoni inayoitwa GDF15. Mimba inapotunga, mtoto na kondo lake hutoa homoni hiyo kwa wingi, inaingia kwenye damu ya mama na kupanda mpaka chini ya ubongo, mahali panapoamrisha kutapika. Kila mtu ana kiasi fulani cha homoni hiyo mwilini hata kama hana mimba. Mwanamke ambaye damu yake ilikuwa nayo ya kutosha tangu zamani, ubongo wake umeshaizoea. Ikipanda wakati wa mimba hashtuki sana. Yule ambaye alikuwa nayo kidogo mno, ikimpanda ghafla inamwangusha. Huenda wewe ni wa kundi la kwanza na mkwe wako ni wa pili. Nguvu ya mikono haimo kabisa katika habari hii, wala malezi aliyopewa kwao. Na kumbuka kwamba homoni hiyo inatoka upande wa mtoto, na mtoto huyo nusu ni damu ya kijana wako.

Huyo mama Fejzo aliingia katika utafiti huo kwa uchungu. Mwaka 1999 alikuwa mjamzito, akatapika mpaka akashindwa kunyanyuka kitandani, na daktari wake wakati huo akamchukulia kama mtu anayekuza mambo. Ile mimba aliipoteza. Akatumia zaidi ya miaka ishirini kutafuta sababu. Nimelileta hilo kwa sababu kule Marekani, kwenye hospitali za kila aina, mwanamke aliyesomea sayansi naye aliambiwa hivi hivi tunavyowaambia mabinti zetu Rungwe.

Hali hii pia hutembea katika ukoo. Mpigie simu mama yake aliyeko Iringa, umuulize kama yeye au dada zake waliteseka hivyo. Jibu lake mwambie daktari.

Nije kwa jirani na hofu yake ya dawa, maana ndiyo inayowaumiza wengi kimya kimya. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1957 huko Ujerumani ilianza kuuzwa dawa inayoitwa thalidomidi, wajawazito wakapewa ili kutuliza kichefuchefu na kupata usingizi. Ilipofika 1961 ikaondolewa sokoni, na kwa jumla watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi wao wakizaliwa na mikono au miguu mifupi au bila viungo hivyo kabisa. Tangu hapo dunia nzima ikaogopa kumpa mjamzito kidonge. Ni haki kuogopa dawa hiyo.

Ila kuna kisa cha pili ambacho majirani hawasimulii. Kulikuwa na dawa nyingine, Bendectin, iliyokuwa na doksilamini pamoja na vitamini B6, ikiuzwa Marekani tangu 1956. Watu wakaishtaki mahakamani wakidai inalemaza watoto, na mwaka 1983 kiwanda kikaacha kuitengeneza. Wataalamu wakafuatilia: baada ya dawa kuondoka, watoto wenye kasoro za kuzaliwa hawakupungua. Kilichobadilika ni kwamba wajawazito waliolazwa kwa kutapika waliongezeka sana. Mwaka 2013 mchanganyiko ule ule ukaruhusiwa tena kuuzwa, na leo ni miongoni mwa dawa za wajawazito zilizochunguzwa kuliko karibu zote. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mjamzito asinywe dawa yoyote, mwulize: na kukauka maji kwa wiki tatu, nako kuna usalama gani kwa mtoto?

Huko hospitali, dawa watakazoanza nazo huenda zikawa vitamini B6 na prometazini. Prometazini inaleta usingizi, msiogope akilala sana; kwa aliyekesha akitapika, usingizi huo ni sehemu ya tiba. Kidonge kinywewe nusu saa kabla ya kujaribu kula, si baada ya kutapika. Kama vidonge vinarudi, atachomwa sindano. Metoklopramidi nayo hutumika, kwa siku chache tu zisizozidi tano, na hapa nataka unisikilize vizuri. Mara chache dawa hiyo, hasa kwa msichana mwenye umri kama wa mkwe wako, husababisha shingo kupinda, taya kukaza na macho kugeukia juu. Inatisha kuiona. Nimeona familia zikimtoa mgonjwa wodini usiku ziende kumwombea kwa kudhani ni mapepo. Ni dawa imemkataa, na ipo sindano ya kuituliza ndani ya muda mfupi. Mwite muuguzi hapo hapo.

Zikishindikana hizo, ipo ondansetroni, yenye nguvu zaidi. Ikitumika miezi mitatu ya kwanza kuna ongezeko dogo la watoto wenye mdomo sungura: badala ya watoto 11 katika kila 10,000, wanakuwa 14 hivi. Daktari ataeleza hilo na kupima. Kwa mama anayeendelea kupungua kilo, mimi naiandika bila kusita. Inafunga choo, kwa hiyo asisahau maji pale yatakapoanza kukaa.

Kuhusu dripu nina neno moja zito. Katika zahanati nyingi za mitaani mtu dhaifu huwekewa moja kwa moja maji ya sukari, kwa kuwa watu wanaamini ndiyo yanayotia nguvu. Kwa mtu aliyetapika wiki kadhaa hiyo ni hatari. Mwili wake umeishiwa vitamini B1, na sukari ikiingia ghafla inamaliza hata ile iliyobaki. Ubongo unaweza kuumia, akaanza kuchanganyikiwa, kuona vitu viwiliviwili na kuyumba akitembea. Anachohitaji kwanza ni maji ya chumvi, ya kawaida au ya Ringer, yenye potasiamu kama vipimo vinaonyesha imepungua, na vitamini B1 atangulizwe kabla ya sukari yoyote. Uliza kwa adabu tu: "Mwanangu, ameshapewa vitamini B1?" Muuguzi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Watampima mkojo kuona kama mwili umeanza kuchoma mafuta yake na kama kuna maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo nayo hutapisha. Watapima damu. Watampima malaria, Katumba ni juu na kuna baridi, lakini Kyela haiko mbali, na kama alishuka huko kwenye msiba au sokoni wiki hizi, semeni. Homa si sehemu ya kichefuchefu cha mimba. Na aombewe picha ya utrasaundi, kwa sababu kutapika kupita kiasi kunaweza kuwa dalili ya mapacha, au ya mimba zabibu, ambapo kondo linaota bila mtoto wa kawaida na inatakiwa itolewe hospitali. Mara nyingi picha inaonyesha mtoto mmoja mzima, moyo unadunda, na kwa msichana ambaye ameteseka mwezi mzima bila kuona faida ya mateso yake, kuuona moyo ule kuna thamani kubwa.

Akishatulia ataruhusiwa. Baada ya siku nne au tano huenda akarudi kule kule alikokuwa. Msikate tamaa wala msione aibu. Mrudisheni wamwekee maji tena. Wapo wanaorudi mara kadhaa. Ikizidi uwezo wa wilaya watampa rufaa kwenda Mbeya, kitengo cha wazazi cha Meta.

Mizizi ya jirani naomba uiweke kando, na mwarobaini pia. Siyadharau maarifa ya wazee wetu, ila mizizi iliyochemshwa hakuna anayejua ina nguvu kiasi gani, na mingine hukaza mfuko wa uzazi. Mimba ya wiki kumi haina nafasi ya kujaribiwa. Pemba najua inauzwa kila soko na wajawazito wanaitamani kweli kweli. Udongo unazuia madini ya chuma yasiingie kwenye damu, unafunga choo, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi yenye sumu. Tamaa hiyo ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo akiwa anautafuna kwa siri usimgombeze; mwambie aseme, apimwe damu.

Tangawizi ni jambo jingine. Hiyo imechunguzwa na inasaidia kichefuchefu cha wastani, kama gramu moja ya unga wake kwa siku, au vipande vibichi vichache kwenye maji ya moto. Kwa hali aliyo nayo leo haitatosha, na ikimchoma kifua aiache. Irudi baadaye, atakapoanza kupata nafuu.

Vidonda vya tumbo? Kiungulia huongezeka kwa anayetapika, na daktari anaweza kumpa dawa ya kupunguza asidi iliyo salama kwa mjamzito. Lakini kutapika kulikoanza wiki ya sita ya mimba kwa msichana ambaye hakuwahi kuumwa tumbo, chanzo chake ni mimba. Asinunuliwe mchanganyiko wa vidonge dukani, na diclofenac asiguse.

Sasa mambo ya nyumbani, na hapa ndipo wewe mama una kazi kubwa kuliko sisi wote.

Umeandika kwamba chakula chako hakitaki, na kati ya mistari nimeona imekuuma. Umeamka alfajiri, umewasha moto kwenye ukungu ule wa Rungwe, umepika ndizi na maharage, umemletea, naye anaziba pua na kukimbia. Ukoo mwingine wanasema mimba imemkataa mama mkwe, au imemchukia mume. Haijamchukia mtu. Pua ya mjamzito wa namna hii inapokea harufu kwa ukali ambao wewe na mimi hatuwezi kuufikiria: vitunguu vinavyokaangwa, moshi wa kuni, dagaa, sabuni ya kufulia, mafuta ya kupaka, hata mchele wa Kyela ambao sisi tunausifia kwa kunukia. Harufu ikiingia, tumbo linajikunja kabla hajaamua lolote. Mume wake akirudi safari akakuta anamkwepa kwa sababu ya jasho na dizeli, mweleze hivyo hivyo.

Kwa hiyo jiko liwe mbali naye. Kama chumba chake kinapakana na jiko, mhamishe kwa wiki hizi. Chakula cha moto kinanukia zaidi ya kilichopoa, mpe kilichopoa. Kiazi cha kuchemsha chenye chumvi kidogo, ndizi mbivu, mkate mkavu, biskuti, uji mwepesi wa ulezi uliopoa wenye ndimu, mtindi kama anauweza. Parachichi ni zuri kwa nguvu lakini mafuta yake hukawia tumboni, aanze na kijiko kimoja. Asiulizwe "utakula nini?" mara kumi kwa siku, maana hata kukifikiria chakula kunamtapisha. Kiwekwe kidogo karibu yake, kimefunikwa, aonje anapoweza. Asubuhi atafune biskuti au kipande cha mkate kabla hajainua kichwa kutoka kwenye mto, akae dakika chache, ndipo anyanyuke taratibu. Tumbo tupu linatapika kuliko lenye kitu kidogo, hivyo kila saa mbili kitu kiingie, hata kama ni matonge mawili tu.

Na katika wiki hizi mbaya asilazimishwe kula vya afya. Mboga za majani, maharage, maziwa, vyote vitamngoja. Akitaka chipsi saa nne asubuhi, apewe chipsi. Akitaka soda ya tangawizi na ikakaa, anywe. Mtoto wa wiki kumi ni mdogo mno, anachohitaji kwa sasa ni mama mwenye maji mwilini.

Maji ndiyo muhimu kuliko chakula chote nilichotaja. Asipewe kikombe kizima. Kikombe kizima kinarudi chote. Chukua kifuniko cha chupa ya maji au kijiko cha chakula, apewe kimoja kila baada ya dakika tano, saa nzima, hata akisema hana kiu. Tumia ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Ikiwa baridi sana inakubalika zaidi, na kwa hali ya hewa ya kwenu chupa ikilala dirishani inatosha. Maji yasichanganywe na chakula wakati mmoja, viachane nusu saa. Mkojo uangaliwe kila siku: ukiwa mwepesi na anakwenda mara nne au zaidi, mnakwenda vizuri, ukigeuka rangi ya chai ya rangi, rudini hospitali. Mwekee pia ndoo yenye mfuniko chumbani. Wapo wanaojizuia kunywa maji kwa sababu tu harufu ya choo inawatapisha, na hawasemi kwa aibu.

Hicho kikopo cha mate mwachie. Mate yanayojaa mdomoni ni sehemu ya ugonjwa huu, akiyameza yanamtapisha. Asukutue mdomo kwa maji kila akitapika, na mswaki usubiri nusu saa hivi, maana asidi huwa imelainisha meno.

Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki huwa vinachafua tumbo. Mwambie muuguzi, anaweza kumpa foliki asidi peke yake kwa sasa, vya chuma vikarudi atakapotulia. Na kliniki aianze hapo hapo atakapolazwa. Najua kwetu mimba changa hufichwa mpaka ionekane yenyewe, kwa kuogopa macho ya watu. Hata hivyo, ushauri wa kitaalamu ni kliniki ya kwanza ifanyike kabla ya wiki ya kumi na mbili kuisha, na kwa mimba inayosumbua kama hii, kuificha ni kumfichia mgonjwa dawa.

Shambani asiende. Lakini pia asilale kama gogo siku nzima, kwa kuwa damu ya mtu aliyekauka maji huganda kwa urahisi kwenye miguu. Akiwa kitandani azungushe nyayo, na akipata nguvu atembee uani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, ni dharura. Vivyo hivyo akitapika damu, akipata homa, maumivu makali ya tumbo, macho kuwa ya manjano, kuzimia, kuchanganyikiwa, au akitokwa damu ukeni. Msisubiri asubuhi.

Kuna jambo moja hukuuliza, nami siwezi kuliacha. Kaa naye jioni moja, bila mtu mwingine, umuulize anajisikiaje moyoni. Msichana wa miaka 21, ugenini, mume yuko barabarani, anatapika mchana na usiku na anahisi nyumba nzima inamwona mvivu, anaweza kufika mahali akatamani mimba itoke, au akatamani asiwepo. Wanawake wenye hali hii wanaofikia mawazo hayo si wachache, na hawawi watu wabaya kwa kuyafikiria. Akikwambia kitu cha namna hiyo usimkemee wala usimwogopeshe kwa dini. Mshukuru kwa kusema, ukae naye karibu usiku huo, umwambie daktari kesho yake. Mume apige simu kila siku, na asiulize "umekula?" tu.

Mtoto je? Mama akitibiwa mapema na uzito ukaanza kurudi, watoto wengi sana huzaliwa wazima kabisa. Asipotibiwa, akaendelea kupungua mpaka katikati ya mimba, hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo au kabla ya wakati huongezeka. Apimwe uzito kila wiki kwenye mizani ile ile ya zahanati na uandikwe kwenye kadi. Wengi hupata nafuu kubwa kufikia wiki ya ishirini, ingawa wapo wachache wanaotapika mpaka kujifungua, na hao huendelea na dawa bila kukatizwa. Mimba ijayo hali hii ina nafasi kubwa ya kurudi, kwa hiyo safari hiyo dawa zianze mara tu mimba inapojulikana, asingoje kukauka.

Na Iringa? Kwa hali aliyo nayo leo, hapana. Kutoka Katumba hadi Mbeya mjini, kisha Igawa, Makambako, Mafinga mpaka Iringa ni safari ya siku nzima kwenye basi lenye harufu za kila aina, akitapika kwenye mfuko, bila dripu wala muuguzi. Akishatibiwa, akakaa wiki nzima bila kupungua na maji yanakaa, hapo inaweza kuzungumzwa, na aondoke na karatasi zake za hospitali na dawa za kutosha. Ila kuna njia rahisi zaidi: mama yake au mdogo wake wa kike aje Katumba akae nanyi wiki chache. Kuna mambo binti humwambia mama yake peke yake, na wewe mwenyewe utapata mtu wa kupokezana naye usiku, maana umechoka, hata kama hukuandika.

Kabla hujaamua lolote kati ya hayo mawili, mwulize yeye mwenyewe anataka lipi.